Mnaotuambia Tuache Kazi, Tuonyesheni Daftari

Naandika haya nikiwa Mhezi, nyumbani kwetu, juu milimani Upareni, wilaya ya Same. Niko likizo ya wiki mbili. Kwenye begi nimebeba barua ya kuacha kazi niliyoiandika tangu Machi na ambayo hadi leo haina tarehe. Nimebeba pia vitabu vitatu vya hamasa nilivyopewa mwaka huu na watu watatu tofauti, wote wananipenda. Kimoja nilipewa na mwenzangu wa ofisini siku ya kuzaliwa kwangu. Kingine binamu yangu alinitumia kwa WhatsApp, nakala ya wizi, kurasa zimepigwa picha upande. Cha tatu niliachiwa na jirani aliyehama. Nimevisoma vyote mpaka jalada la nyuma, na vyote vinasema neno moja: acha kazi.

Nakiri nilivisoma kwa uchu. Nataka kununua tangawizi kwa wakulima wa milima hii, niikaushe, niisage, niifungashe, niiuze Dar es Salaam. Nimeshajaribu na magunia machache. Niliuza, nikapata faida kidogo, na gunia moja likaota ukungu. Kwa hiyo simo katika wale wanaobeza biashara. Mimi ndiye hasa msomaji ambaye vitabu hivi vimeandikwa kwa ajili yake. Na ninachotaka kusema leo ni kwamba ni vitabu vibaya. Makosa ya sarufi yamo ya kutosha, lakini hayo nayasamehe. Nisichosamehe ni kwamba vinasimulia uongo kuhusu pesa inakotoka.

Hadithi yenyewe mnaijua. Kijana ana shahada. Ana bosi anayemdharau na mshahara unaoisha tarehe kumi na tano. Siku moja anaamka, anabadili fikra, anakwenda kuweka kitambulisho mezani kwa bosi na kutoka bila kugeuka nyuma. Anateseka kidogo, kwa aya moja hivi. Kisha anapata mteja wa kwanza, wa pili, na kufikia sura ya nne ana magari. Sura zinazobaki ni mafundisho.

Kwa sisi tunaosoma riwaya, swali la kwanza ni jepesi: wengine wako wapi? Katika ile aya ya njaa, nani alipika? Kodi ya chumba ililipwa na nani? Mke anatokea kwenye ukurasa wa shukrani. Mama anatokea akiomba dua. Ndugu wanatokea wakikatisha tamaa, basi. Shuleni tulifundishwa kumwita mhusika wa namna hii mhusika bapa. Humu wote ni bapa isipokuwa mmoja, na huyo mmoja ndiye mwandishi mwenyewe. Riwaya ikija hapa na kasoro hiyo tunaichambua mpaka mwandishi wake anakosa usingizi. Kitabu cha hamasa kikija na kasoro ileile tunakipigia makofi na kukinunulia wadogo zetu.

Halafu kuna suala la nani anayesimama mbele ya maikrofoni. Aliyeacha kazi akafilisika haalikwi ukumbini. Pengine hata nauli ya kufika huko hana. Tunachosikia ni ushuhuda wa waliovuka, na kutokana na ushuhuda huo tunaambiwa mto hauna mamba.

Kitabu ambacho karibu vyote hivi vinakiiga ni Rich Dad Poor Dad cha Mmarekani Robert Kiyosaki, kilichotoka 1997. Mna akina baba wawili humo. Baba tajiri ni mfanyabiashara. Baba maskini ni msomi, mtu wa elimu, mtumishi wa serikali huko Hawaii, anayeamini vyeti na mshahara. Msomaji anatakiwa amhurumie baba maskini kisha amkimbie. Mimi nilishindwa kumkimbia, maana baba yangu naye alikuwa mwalimu. Tofauti ni kwamba baba yangu aliacha ualimu akafanya kile hasa ambacho baba tajiri angemshauri. Nitafika huko.

Kwanza niseme jambo ambalo waigaji wetu hawalisemi. Mwaka 2012 kampuni moja ya Kiyosaki, Rich Global LLC, iliomba kufilisiwa baada ya kushindwa kesi na waandaaji wa semina waliokuwa wakiidai takriban dola milioni 24. Yeye mwenyewe hakufilisika. Simcheki kwa hilo. Ndivyo sheria ya makampuni ilivyo, kwao na kwetu: kampuni ni mtu mmoja, mwenye kampuni ni mtu mwingine, na wa kwanza anaweza kuzikwa wa pili akaendelea kula. Lakini njoo Mhezi unionyeshe hiyo kampuni. Hapa anayekopa anakopa kwa jina lake na la ukoo wake. Anakutana na anayemdai kanisani, dukani, msibani, kwenye gari la kwenda Same asubuhi. Deni linakaa kiti cha mbele naye anakaa nyuma. Ukimwambia mtu wa namna hii "ogopa kutojaribu kuliko kushindwa", unamsomea maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwenye mlango wa nyuma.

Na kabla ya vitabu, tatizo linaanzia kwenye neno lenyewe.

Mjasiriamali. Ligawe: jasiri, mali. Tumelizoea hadi hatulisikii tena, lakini sikiliza linavyofanya kazi. Limeshaamua kwamba kinachotakiwa ni moyo. Ukifanikiwa, ulikuwa na moyo. Ukishindwa, ulikosa moyo. Hakuna silabi ndani yake inayotaja mtaji, mkopo, bei ya soko la dunia, wala mke aliyeuza kanga zake.

Wala si neno la kale. Wazazi wetu walikuwa na mengine. Aliyenunua hapa akauza pale kwa faida aliitwa mchuuzi akiwa mdogo, na mlanguzi serikali ikikasirika. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kupokea mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni au kupangisha nyumba. Mwaka 1983 ilikuja vita dhidi ya wahujumu uchumi, na kukutwa na katoni za sabuni ndani kukawa jambo la kueleza mbele ya vyombo vya dola. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza yale masharti ya Arusha. Ndani ya kizazi kimoja mtu yuleyule, mwenye gunia lilelile begani, alitoka kuwa mlanguzi akawa jasiri. Gunia halikubadilika uzito, na aliyemsaidia kulibeba hakupewa jina lolote katika zama zote mbili.

Mwaka uleule wa 1997 alipozaliwa baba tajiri, kilitoka kitabu kingine ambacho hakiuzwi kwenye foleni za Ubungo: Changing the Rules cha Aili Mari Tripp, kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam. Kinaeleza jinsi familia zilivyoishi miaka ya 1980 mshahara ulipoporomoka. Ziliishi kwa miradi, na sehemu kubwa ya miradi hiyo ilikuwa ya akina mama na watoto: vitumbua, maandazi, kuku wa uani, barafu za kwenye jokofu. Mfanyakazi aliendelea kuvaa shati lake jeupe kwenda ofisini, na chakula cha jioni kilitoka kwenye karai la mkewe. Hao hakuna aliyewaandikia kitabu cha hamasa.

Sasa baba.

Baba aliacha ualimu mwaka 1995. Tafadhali msimcheke, ilikuwa hesabu nzuri. Mwaka uliotangulia, baridi kali ilikuwa imeunguza mikahawa ya Brazil na bei ya dunia ikapaa. Wakati huohuo serikali ilikuwa imeruhusu wanunuzi binafsi kununua kahawa vijijini, kazi iliyokuwa ya vyama vya ushirika. Huku kwetu mikahawa ilikuwa karibu kila nyumba, imejificha chini ya migomba. Mshahara wa mwalimu ulikuwa hautoshi hata kuudharau. Na baba alikuwa mtu anayejua kusoma, kuandika na kupima, anayeaminika. Kampuni moja ikamfanya wakala: akusanye kahawa ya maganda kwa wakulima, kampuni ije kuichukua, ikakobolewe Moshi, iuzwe mnadani, kisha pesa ipande mlima. Alikuwa jasiri. Alikuwa jasiri kuliko waandishi wote watatu wa vitabu vyangu, maana alikuwa na watoto watatu na wa nne yuko njiani.

Mimi nilikuwa mdogo. Nakumbuka magunia sebuleni na harufu yake ya kamba na majani makavu, na jinsi tulivyolala juu yake wageni wakichukua vitanda. Nakumbuka miaka michache ya wali kila Jumapili. Kisha nakumbuka makande. Mpare hana ugomvi na makande, lakini hata sisi tuna kiasi.

Bei ilishuka. Kufikia 2001 ilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo kadhaa, si kwetu tu, dunia nzima ya kahawa ililia. Watu wakaanza kung'oa mikahawa wakapanda maharage. Kampuni iliyomtuma baba haikutangaza chochote. Iliacha tu kuja. Naye alikuwa ameshachukua kahawa ya watu kwa ahadi.

Watani zetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Baba hakwenda mahakamani. Hakuwa na mkataba wa maandishi. Alikuwa na neno la kampuni, na wakulima walikuwa na neno lake. La kampuni liliondoka na gari la mwisho. La kwake lilibaki hapa.

Baba alifariki 2014. Mwaka jana mama alinikabidhi daftari lake, kaunta buku ya kwaya mbili, kona zimeliwa na panya. Nasema kwa uhakiki kamili: ni kitabu bora kuhusu ujasiriamali nilichowahi kusoma, na hakina sentensi hata moja ya kutia moyo. Kushoto pana jina. Katikati pana kilo. Kulia pana neno moja kati ya mawili, "amelipwa" au "bado", kwa mwandiko ulionyooka wa mtu aliyefundisha darasa la kwanza kuandika. Kurasa za 1996 zimejaa "amelipwa". Kuanzia 1999 "bado" zinaongezeka. Baada ya 2001 kilo hazipo tena, kuna majina tu, nayo anayapiga mstari mojamoja. Pembeni ya kila mstari ameandika kilicholipa: "Mbuzi." "Mbao za grevilea." "Tuisheni, miezi 3." "Nusu ya shamba la bondeni." Jina la mwisho la mkulima lilipigwa mstari mwaka 2009. Miaka minane baada ya kampuni kusahau njia ya kuja huku.

Kuna jina moja ambalo halikupigwa mstari. Liko ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kabla ya mkulima yeyote: "Mama watoto, 60,000. Bado."

Nilimuuliza mama ilikuwa ya nini. Akasema, "Ile ilikuwa ya mizani." Akaendelea kuchambua maharage.

Mizani ya kupimia kahawa. Mtaji wenyewe. Pesa ya upatu wake na ya mtamba aliopewa na kwao alipoolewa. Miaka yote nilisikia hadithi ya baba aliyethubutu, watu wakiisimulia kwa huruma au kwa kebehi kutegemea walikunywa nini, na sijawahi kusikia hata mmoja akisema ni nani aliyenunua mizani.

Ndiyo maana nasema vitabu vyangu vitatu ni vya uongo hata pale ambapo kila tukio ndani yake ni la kweli. Vina sura ya kumi na mbili lakini havina huu ukurasa wa kwanza. Mwandishi mmoja anasema alianza na "shilingi sifuri na ndoto". Hakuna biashara iliyowahi kuanza na shilingi sifuri. Kuna shilingi ya mtu mwingine ambayo mwandishi ameamua kutoihesabu.

Msije mkadhani nimeandika haya kuwafurahisha wale wa upande wa pili. Nao wamo humu milimani, tena ndio wengi, na kila nikija likizo wananikalisha kitako. Baba mdogo ana methali yake: usiache mbachao kwa msala upitao. Binamu yangu wa hamasa ana ya kwake: mshika mawili moja humponyoka. Methali zote mbili ni nzuri, zote zimekaa mdomoni mwa Waswahili kwa miaka mingi, na hakuna hata moja iliyowahi kupiga hesabu ya mtu yeyote. Unachagua ile inayokubaliana na uoga wako au na hasira zako, basi.

Baba mdogo anapenda kunikumbusha kwamba walimu wenzake baba waliobaki wana pensheni leo. Ni kweli, na siidharau pensheni. Lakini aniambie basi ni pensheni ipi. Kanuni ya kukokotoa mafao ilibadilishwa 2018, ikasitishwa Desemba mwaka huohuo baada ya kelele za wafanyakazi, ikaja nyingine 2022, ikarekebishwa tena 2024. Mbachao nao unavutwa huku mtu amekaa juu yake. Na kwenye kazi yangu mimi ya magazeti, sihitaji nabii. Nikitazama chumba cha habari naona meza ambazo zamani ziligombaniwa na sasa zinawekewa maboksi. Anayeniambia nibaki kwa sababu "kazi ni uhakika" ananisimulia riwaya ya kubuni naye pia.

Na sisi watu wa vitabu tusijione wajanja, tuna hamasa yetu ya aina yake: kwamba mwandishi wa kweli huacha kazi akajitoa kwa kalamu. Historia ya fasihi yetu inakataa. Shaaban Robert aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 na akabaki katika utumishi, idara hii na ile, karibu hadi mwisho wa maisha yake, alifariki 1962. Muhammed Said Abdulla alimpa Bwana Msa maisha huku akihariri Mkulima, jarida la wakulima Unguja. Na walioondoka je? Walter Bgoya alianzisha Mkuki na Nyota mwaka 1991, lakini alikuwa ameongoza Tanzania Publishing House tangu 1972. Hakuruka kutoka kwenye jengo. Alitoka kwa ngazi, miaka karibu ishirini ya kuwajua waandishi, wachapaji na njia za kuuza. Katika vitabu vya hamasa miaka hiyo ishirini ingeitwa utumwa wa ajira. Mimi naiita mtaji.

Sasa nifanye hesabu ambayo hakuna kitabu kilichonifanyia.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inanitaka nitoe notisi ya siku 28, kwa kuwa nalipwa kwa mwezi. Kiinua mgongo cha sheria hiyo, siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilika, isizidi miaka kumi, ni cha anayeachishwa na mwajiri. Anayeondoka mwenyewe hakimhusu. Fao la kukosa ajira la NSSF, theluthi ya mshahara kwa muda wa miezi sita, nalo si la aliyeacha kwa hiari. Silalamiki. Nasema tu kwamba sheria inamjua jasiri kuliko wanavyomjua waandishi wa hamasa, na inamwambia waziwazi: ukiondoka kwa miguu yako, ondoka na vyako.

Na vyangu ni nini? Mshahara wangu si mkubwa, ningeweza kuufidia kwa tangawizi kama mambo yakienda. Kitu kikubwa ni kadi. Kwenye bima ya afya ya ofisini mtegemezi wangu ni mama. Ana presha, na sasa sukari inamnyemelea. Kila mwezi anashuka kliniki Same mjini, na mara mbili mwaka juzi tulimpeleka KCMC, Moshi. Kadi ile ina picha yake amevaa kitenge cha bluu, na ni ya kazi yangu. Siku ya 29 baada ya barua hii kupata tarehe, itakuwa plastiki. Kwa hiyo mtu akiniambia "una uoga wa kuacha eneo lako la starehe", namwomba aje aone eneo lenyewe. Ni mama mmoja na kadi moja.

Atakuja msomaji aseme: ukingoja hesabu zikamilike hutaondoka kamwe. Hoja hii naiheshimu kuliko methali zote. Ni kweli, na ninawajua watu waliozeeka wakisubiri. Nilikaa nayo usiku kadhaa, na jibu nililipata nikitembea chini ya nyumba yetu, penye ndiva.

Kwa wasiojua, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo ambalo wazee wa Upare walijenga juu ya mashamba. Kijito cha mlimani ni chembamba. Ukikiacha kitiririke moja kwa moja mfereji mzima, maji yanaishia shamba la kwanza. La mwisho linasikia habari zake tu. Kwa hiyo usiku kucha maji yanaingizwa kwenye ndiva, na asubuhi tundu linafunguliwa. Sasa yanakwenda kwa nguvu, yanafika bondeni. Kuna zamu ya kumwagilia. Kuna msaragambo wa kutoa tope, na asiyefika anatozwa. Kijito ni kilekile chembamba. Kilichobadilika ni kwamba watu walikubaliana kuyalaza maji.

Angalia pia kwamba yule anayefungua tundu asubuhi haitwi jasiri. Ni mtu wa zamu. Na akilifungua saa nane usiku ndiva ikiwa nusu, hakuna atakayesema ana maono, atasemwa kikaoni. Lakini vilevile ndiva ikijaa na mtu asiifungue, itapasuka ukuta, na huyo naye atasemwa. Hilo ndilo jibu langu kwa msomaji mwenye haraka na kwa baba mdogo kwa pamoja. Kuacha kazi ni suala la kiwango cha maji, nacho kinapimika kwa fimbo.

Fimbo yangu ina alama tatu. Bima ya mama iwe imelipwa mwaka mzima mbele, kwa jina lake, isitegemee ajira ya mtu. Kodi yangu na chakula cha miezi minane viwe pembeni, mbali na pesa ya tangawizi. Na niwe na wateja watano walionunua mara tatu mfululizo kwa pesa taslimu. Wale wa "tutakuunga mkono ndugu" hawahesabiwi. Alama ya tatu nimeiweka kwa sababu ya baba. Mwaka 2020, wakati wa korona, nchi nzima ilitafuta tangawizi na malimao, na nilisikia watu wakiongea kuhusu bei ile kama baba alivyoongea kuhusu baridi ya Brazil. Bei inayopaa ni mgeni. Mteja anayerudi mara ya tatu ndiye mwenyeji. Kwa mwendo nilionao, maji yatafika alama ya mwisho katikati ya mwaka ujao, au mwisho wake. Yasipofika, nitaandika hapahapa kwamba hayakufika, ili ukumbini angalau asimame na mmoja wetu.

Nilikuwa nimeweka alama ya nne pia: jina la mama lisionekane kwenye daftari langu. Nilijiona nimefanya jambo la heshima sana. Jumanne jioni, baada ya chakula, mama aliingia chumbani akatoka na bahasha. Pesa za mgawo wa VICOBA. "Chukua, ukanunue mashine ya kusagia."

Nikamwambia hapana. Nikamweleza habari ya ukurasa wa kwanza, ya mizani, ya miaka ile yote. Nilisema vizuri, kama ninavyosema hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanuna.

"Baba yako aliniomba, nikampa," alisema. "Wewe sijaombwa, nakupa. Sasa unanikatalia pesa yangu kwa sababu ya pesa yangu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea, "Mimi sikuchukia kutoa. Nilichukia kwamba hakuna aliyejua. Niandikie."

Basi hapo ndipo nilipoona kwamba nami nilikuwa nakaribia kuandika kitabu kilekile, cha mtu mmoja jasiri asiye na mama. Nikachukua daftari jipya nililolinunua Same. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, nimeandika jina lake kamili, lile la kwenye kitambulisho cha taifa, wala si "Mama". Kiasi. Tarehe. Sehemu yake ya faida. Siku ya kurudisha mtaji, faida iwepo isiwepo, nayo italipwa kutoka mshahara wangu kabla sijatoka kazini. Akataka tusaini wote wawili. Akataka na nakala.

Kwa hiyo ninyi mnaotuambia tuache kazi, ombi langu ni dogo. Toleo lijalo la kitabu chenu, kabla ya dibaji, kabla ya picha yenu mmekunja mikono, chapeni ukurasa wa kwanza wa daftari. Nani alinunua mizani? Kiasi gani? Amelipwa, au bado? Mkishaweka ukurasa huo nitavisoma vitabu vyenu kwa heshima, hata sura ya magari.

Nimemsomea mama makala hii kabla ya kuituma. Ameikubali, ila anasema kuna kosa moja. Mizani iligharimu 58,000. Chenji ya 2,000 baba alimrudishia jioni ileile, na nisimzushie marehemu.